Maji ya Ukuta wa Crispus

“Injinia gani huyo wa kujenga ukuta unaokula watoto? Mwambie atoke! Atoke huko alikojificha, aje aokote ukuta wake!”

“Ukuta wako, Crispus. Tusigawiane mali asubuhi hii. Mawe ulinunua wewe, fundi ulimleta wewe.”

“Na akili? Akili ilitoka wapi, Blasio? Si ni wewe uliyepanda hapa Krismasi, kifua mbele kama jogoo aliyemeza redio, ‘binti yangu atakuchorea, binti yangu anasomea ujenzi chuo kikuu’? Haya, ujenzi wenyewe huo hapo chini. Uangalie vizuri!”

Hakukuwa na haja ya kuangalia. Ukuta ulikuwa umelala kifudifudi katika ua wa Blasio tangu jana alasiri, mawe yamezama kwenye matope mekundu, nusu ya jiko la mkewe Vasta imefunikwa. Juu, palipokuwa ukingo wa ua wa Crispus, mlima ulibaki na jeraha bichi linalovuja maji. Huku Karambi, juu ya Bwera, nyumba zimepangwa kama ngazi. Wa juu anamwona wa chini anapika nini, na wa chini anajua wa juu ameoga saa ngapi. Kwa hiyo Crispus alikuwa anagombana akiwa ameinama na Blasio anajibu akiwa ameinua shingo, na hakuna kinachomchosha mwanamume upesi kama kugombana huku ameinua shingo.

Majirani walikwisha kufika zamani. Kulusum, muuza samaki wa soko la Mpondwe, alikuwa ameliacha soko liende bila yeye. Soko liko kila Jumanne na kila Ijumaa, alisema, lakini ukuta hauanguki kila wiki.

“Mimi sisemi kitu,” akasema, akijifunga leso vizuri kama mtu anayejiandaa kusema vingi. “Lakini banasema ile ukuta ilikuwa kama mukate ya jana. Mimi nasikia tu.”

“Nani anasema?” Blasio akamgeukia.

“Batu.”

“Batu gani?”

“Batu bengi, papa. Mimi niko na masikio mbili tu, siwezi kujua majina ya bote.”

Watu wakacheka, kicheko kile cha matangani, cha kufunika mdomo kwa kiganja. Maana jana ile ukuta uliposhuka, ulishuka na Immy, binti wa pekee wa Crispus. Alikuwa amekaa juu yake akichambua maharage. Maharage yalikuwa bado yametapakaa matopeni, na Immy alikuwa katika hospitali ya Bwera, mguu wa kushoto umesagwa chini ya goti.

Nyuma ya mlango, Evas alisikia yote. Yeye ndiye injinia. Walianza kumwita hivyo muhula wa kwanza kabisa, hajajua hata kushika futi ya kupimia. Baba yake akawa Baba Injinia kanisani, mama yake akawa Mama Injinia dukani. Mwanzoni Evas alikuwa akitikisa kichwa, anasema bado, bado. Baadaye kichwa kikachoka kutikisika. Na Januari ile, Immy alipomuuliza, “Dada, nikikaa juu yake hautaanguka?” Evas alijibu akicheka, “Hata tembo akikaa.”

“Na sikilizeni wote!” Crispus akapaza sauti, sasa si kwa Blasio tena, bali kwa mlango wenyewe. “Jumatatu haendi Kasese! Shemeji yangu hawezi kumpa daraja mtu aliyemvunja mtoto wangu!”

Evas akaketi sakafuni, mgongo ukiegemea mlango. Jumatatu alitakiwa kuripoti Kasese mjini, kwenye daraja linalojengwa badala ya lile lililochukuliwa na mto Nyamwamba mwaka jana. Msimamizi wa kazi, Arthur, alikuwa kaka wa Eseza, mke wa Crispus, na nafasi ile ilipatikana kwa mdomo wa Crispus mwenyewe. Bila mafunzo ya kazini hakuna kuingia mwaka wa nne, na bila mwaka wa nne hakuna digrii. Kuna msichana tu anayejua kuchora.

*

Mchana watu walipotawanyika, Crispus akienda hospitali na Blasio akienda kukaa kwenye migomba asikoonekana, Evas alitoka. Alipita katikati ya mawe polepole, kama mtu anayetembea kwenye nyumba ya marehemu. Alitaka kujua. Kule chuoni mhadhiri wao alikuwa na msemo kwamba kila kitu kinachoanguka huacha sababu yake chini, mwenye macho aiokote.

Saruji ilikuwa nzuri. Aliisugua kwa kucha, haikumung'unyika. Mawe yalikuwa makubwa, yamefungamana vizuri. Fundi Kosmasi hakuiba. Changarawe ya nyuma ilikuwapo. Akaokota kipande cha ukuta chenye bomba ndani yake, moja ya yale mabomba ya plastiki waliyoyapanga chini ya ukuta ili maji yanayojikusanya nyuma yatoke, yasisukume. Akalitazama tundu. Halikuwa tundu. Lilikuwa limeshindiliwa kitu. Akaingiza kidole, akavuta, kikatoka kitambaa kimelowa, cha buluu chenye ndege wa manjano, kimeviringishwa pamoja na majani makavu ya mgomba.

Kitenge kile alikijua. Mama yake alikuwa amekivaa siku aliyomsindikiza kupanda basi la kwanza la kwenda Kampala.

Vasta alikuwa kwenye nusu ya jiko iliyobaki, anapuliza kuni mbichi. Evas akasimama mlangoni na kitambaa kinadondosha maji.

“Mama, hiki nini?”

Vasta aliangalia mara moja tu. “Kitambaa.”

“Kilikuwa ndani ya bomba.”

“Basi ndiko kilikokuwa.”

“Mabomba yote?”

Vasta akaendelea kupuliza. Moshi ulimwingia machoni, akauacha uingie. “Yote niliyoyafikia,” akasema mwisho.

“Mama! Kwa nini?”

“Leo ndiyo unaniuliza kwa nini? Mlipokuwa mnayaweka, uliniuliza?” Aligeuka sasa, na sauti yake haikuwa ya kugomba, ilikuwa ya mtu aliyelala macho. “Bafu la Eseza liko pale pale ukingoni. Akioga, sabuni yake inashukia kahawa yangu. Mvua ikinyesha, matope. Naanika, inalowana. Naanua, naanika tena. Mwezi wa tatu nikapeleka gunia, mnunuzi akashika punje akanusa, akasema mbele ya watu wote, ‘Mama Injinia, kahawa yako inanuka bafu.’ Wakacheka mpaka wengine wakashika ukuta. Kahawa ile ndiyo inayokulipia shule, Masika.”

Alimwita Masika, jina la kila binti wa kwanza wa Kikonzo, jina alilokuwa akilitumia akiwa amemwonea huruma au amejionea huruma mwenyewe.

“Nikachana kitenge, nikaziba. Nilijua ni mabomba ya Crispus ya kunimwagia uchafu. Nani aliniambia kwamba ukuta nao unahitaji kukojoa?”

Evas alikumbuka Januari. Alikumbuka mchoro umetandazwa juu ya beseni lililopinduliwa, baba yake upande huu, Crispus upande ule, Kosmasi amechuchumaa, na mama yake anapita nyuma yao na chai, anaweka vikombe, anaondoka. Kwenye mchoro kulikuwa na mfereji chini ya ukuta, wa kupokea maji ya mabomba na kuyapeleka bondeni. Crispus akasema mfereji uko kwenye ardhi ya Blasio, achimbe Blasio. Blasio akasema maji ni ya Crispus, achimbe Crispus. Wakaanza kukumbushana mpaka wa babu zao. Kosmasi akamtazama Evas: tufanyeje? Na Evas, ambaye chuoni alikuwa akibishana na wavulana darasa zima juu ya mizigo na mihimili, aliona aibu kuwaamua baba wawili. Akasema, mfereji tuuache kwanza.

Mwenye ukuta alielezwa, na fundi alielezwa. Mwenye kupokea maji aliletewa maji tu.

“Utawaambia?” Vasta akauliza.

Evas akakikamua kitambaa, akakikunja, akakitia kwenye mfuko wa sweta.

“Sijui, Mama.”

“Kama ni kusema, sema. Mimi nimekwisha kuwa mzee, watanifanya nini?”

*

Kesho yake Crispus alirudi kutoka hospitali na polisi. Afande Oryem hakuwa mtu wa huku. Alitoka kaskazini, akaishi kambini na mkewe Amony, na Kiswahili chake alikivaa kama buti. Akachagua kiti kizuri cha Blasio, akakiweka pakavu, akakaa.

“Nyamaza wote! Sema moja moja. Nani injinia?”

“Mimi, afande.”

“Wewe?” Akamtazama kuanzia ndala mpaka kichwani. “Kasichana namna hii? Simama pale. Hapana hapo. Pale kwa matope, watu yote ione.”

Evas akasimama matopeni. Yalikuwa baridi, yakapanda mpaka vifundoni.

“Iko na cheti?”

“Bado, afande. Niko mwaka wa tatu.”

“Kwa hivyo wewe hapana injinia.”

“Hapana, afande.”

“Sasa kwa nini watu ya hapa naita wewe injinia?”

Wale waliokuwa wakimwita hivyo toka kanisani hadi kisimani wakapata ghafla jambo la kutazama: kuku, kucha zao, mawingu. Blasio, aliyeianzisha kazi hiyo, aliangalia kofia yake kana kwamba ni ya mtu mwingine imesahauliwa mikononi mwake.

“Si ni heshima tu, afande,” Kulusum akasaidia. “Hata mwenye kuuza panado tunamwita dokta.”

“Ndiyo maana nyinyi nakufa!” afande akasema. “Fundi iko wapi?”

Kosmasi akajitokeza, suruali ina saruji ya miaka. “Mimi nilifuata mchoro, afande. Nondo, mawe, mabomba, hata changarawe ya nyuma niliweka. Kama nadanganya, ukuta si huu hapa, tuupasue.”

“Kama mabomba iko, maji ilikataa kutoka namna gani?”

“Hapo sasa,” Kosmasi akasema, akakuna kichwa. “Hapo mimi mwenyewe sielewi.”

Evas aliuhisi mfuko wa sweta umekuwa mzito kama una jiwe. Kitambaa kilikuwa bado hakijakauka. Unyevu wake ulikuwa umepita mpaka tumboni. Angekitoa tu. Angekiinua ndege wale wa manjano waonekane, na kila mtu Karambi nzima angekitambua, maana Vasta alikuwa na kitenge kimoja tu cha kanisani kwa miaka mingi. Jumatatu angekuwa Kasese amevaa kofia ngumu. Na mama yake angekuwa yule mwanamke aliyemvunja Immy mguu, kisimani, sokoni, kanisani, mpaka siku ya kuzikwa, na hata siku hiyo mtu angeinong'ona.

Alimtazama mama yake. Vasta alisimama mlangoni mwa jiko ameshika ungo usio na kitu ndani, anapepeta. Anapepeta hewa.

“Chini ya ukuta palitakiwa mfereji, afande,” Evas akasema. “Niliuchora. Haukuchimbwa, na mimi niliona haukuchimbwa nikanyamaza. Ukuta haukutakiwa kujengwa bila mfereji. Kosa ni langu.”

“Mmesikia!” Crispus akaruka. “Mmesikia kwa masikio yenu!” Kisha akasita kidogo, mdomo wazi, kama mtu aliyegusa kitu kigeni mfukoni mwake. Labda naye alikumbuka mfereji, na nani alisema nani auchimbe. Lakini mtu mwenye mtoto hospitalini hana nafasi ya kukumbuka. Akatoa simu, akabonyeza, akaiweka kwa sauti ya nje ili watu wafaidi.

“Shemeji Arthur? Yule msichana amekiri. Ndiyo, mbele ya polisi. Kwa mdomo wake.”

Simu ikakoroma, upepo wa Kasese ukasikika ndani yake, na mashine ya kuchanganyia zege.

“Basi,” ikasema. “Basi asije.”

Afande Oryem akasimama, akakung'uta suruali. “Hii maneno hapana ya jela. Hii ni maneno ya nyumba mbili. Hospitali, nyinyi saidiana. Na wewe kasichana, rudi shule soma vizuri. Usijenge kitu mpaka wao nakwambia umemaliza.”

“Ndiyo, afande.”

Watu walipoondoka, Blasio alimpita binti yake. Alipofika mlangoni akasema, bila kugeuka, “Ungeniacha angalau niseme kwamba ni yeye aliyekataa kuchimba.”

“Na wewe ulikataa, Baba.”

Mzee akaingia ndani. Hakutoka hadi kesho yake.

*

Jumatatu Evas alikwenda Kasese hivyo hivyo. Mtu aliyekatazwa mlangoni hujaribu dirisha. Alivaa viatu vilivyofungwa, kama walivyoagizwa chuoni, akasimama kwenye jua kando ya Nyamwamba, katikati ya mawe makubwa meupe ambayo mto uliyabeba kutoka Kilembe, kuyatupa mjini na kuyasahau hapo. Daraja lilikuwa bado mabega tu, huku na huku, halijashikana. Kwenye bega la karibu aliona safu ya mabomba ya plastiki, yanadondosha maji matone matone kwenye mfereji safi wa zege. Akayatazama mpaka macho yakamwasha.

Arthur alikuja akipangusa shingo. Mtu mpole, ambaye upole wake ulikuwa umechoka.

“Nilisema usije.”

“Nimekuja kuomba, mzee. Hata kubeba maji. Chuo wanataka tu niwe kwenye eneo la kazi.”

“Binti, dada yangu Eseza ananipigia kila siku analia. Nikikuweka hapa nitakwenda kula wapi Krismasi?” Akavua kofia, akaitazama ndani. “Nambie kitu kimoja. Mfereji ulikuwa wapi?”

“Kwenye mchoro.”

“Kwenye mchoro maji hayapiti.”

“Najua, mzee.”

“Unajua sasa.” Hakulisema kwa ubaya. “Kuna wengine wanajua baada ya jengo la ghorofa kuanguka, wewe umejua kwa mguu wa mtoto. Rudi mwakani. Mwakani watu watakuwa wamesahau, au mguu utakuwa umepona.”

Mguu haukuwa wa kupona vizuri, wote wawili walijua. Daktari alikwisha kusema utaunga, ila utakuwa mfupi kuliko mwenzake. Evas akashukuru, akaondoka. Mtu mmoja aliyebeba nondo akamwomba apishe, akamwita madamu, akimdhania ni mgeni aliyekuja kukagua.

*

Huko kwao, nyumba mbili zikiwa na ugomvi haziombani moto wala chumvi, na aliyeumiza nyumba ya mtu hali humo mpaka wenye nyumba wenyewe wamwite. Hivyo ngazi ile ya mlimani ikawa imekatika katikati. Eseza akawa anateremka kisimani kwa njia ya mbali. Vasta akawa anaanika kahawa bila kuinua macho. Kulusum peke yake ndiye aliyepita huku na huku, akibeba habari za juu chini na za chini juu, na kila alipofika alianza na “mimi sisemi kitu.”

Evas akachukua jembe. Alianza na kusogeza mawe, kisha akachimba mfereji, pale pale alipouchora Januari, katikati ya ua wa baba yake, ukikata mahali mama yake alipokuwa akitandaza turubai la kahawa. Hakuomba ruhusa kwa yeyote. Viganja vikatoka malengelenge, yakapasuka. Wapita njia walisimama.

“Injinia, unazika nini?”

“Nachimba mfereji.”

“Ukuta umeshaanguka, mfereji wa nini?”

“Maji bado yapo.”

Wakaenda zao wakicheka.

Immy aliletwa nyumbani kwa gari la parokia. Wakamlaza kwenye mkeka uani, mbali na ukingo, mguu una plasta nene kama gogo. Siku ya pili, jembe lilipotulia kidogo, sauti yake ndogo ikashuka kutoka juu.

“Dada Evas. Ulisema hata tembo.”

Evas akaegemea mpini.

“Nilisema, Immy. Nilisema jambo nisilolijua.”

“Sasa unalijua?”

“Nalijua kidogo.”

“Niambie.”

Akamwambia. Akamwambia jinsi mvua inavyozama mlimani na kutembea chini kwa chini, polepole, bila kelele; jinsi inavyofika nyuma ya ukuta na kutafuta mlango. Ikiupata mlango inapita, mwenye nyumba hajui hata kama ilikuja. Ikiukosa inasubiri wenzake, wanakuwa wengi, wanasukuma. Na ukuta hata uwe na nguvu vipi, hauwezi kusukumana na mlima. Na kwamba mlango peke yake hautoshi, maji yakitoka lazima yapate njia ya kwenda, la sivyo yanamwangukia mtu, na mtu huyo naye ana haki zake.

“Mtu nani?” Immy akauliza.

Evas akaliinua jembe tena. Nyuma yake kahawa iliyokuwa ikichekechwa kwenye ungo ilikuwa imenyamaza muda mrefu.

Vasta aliweka ungo chini. Akaja, akashika jembe la pili, akaanza kuchimba upande wa bondeni. Wakachimba mama na binti mpaka pande mbili zikakutana na maji yaliyokuwa yamesimama chini ya jeraha la mlima yakapata njia, yakateremka, mekundu, na povu la sabuni ya Eseza juu yake.

Jioni Vasta akaoga, akavaa gauni la kanisani. Akaenda kwenye kamba ya nguo. Evas ndipo alipoona kwamba kitambaa kile, ambacho alikiacha kwenye sweta, kilikuwa kimefuliwa na kuanikwa pamoja na nguo nyingine, kimenyooka, ndege wote wanaonekana. Vasta akakianua, akakikunja mara mbili, akakishika mkononi kama mtu anayepeleka sadaka.

“Mama, nilikwisha kusema. Yameisha. Hata ukisema, Arthur amekwisha kumchukua mtu mwingine.”

“Wewe ulisema lako,” Vasta akasema. “Langu bado.”

Akapanda. Evas akamfuata, jembe bado mkononi, akasimama pale ukingoni palipovunjika. Katika nusu giza aliona mlango wa Crispus, taa ya mafuta, kivuli cha mama yake kizingitini. Hakusikia maneno ya kwanza. Kisha akasikia sauti ya Crispus, ndogo kuliko alivyowahi kuisikia.

“Na binti yako alijua?”

“Alijua.”

“Siku ile ya afande?”

“Kilikuwa mfukoni mwake.”

Crispus akatoka. Alipita karibu na Evas, bega kwa bega, akasimama. Simu ilikuwa mkononi, inang'aa. Akaitazama, akamtazama msichana na jembe lake. Akaizima, akaingia migombani, na huko akasikika akiyakata majani makavu ya migomba kwa panga, moja baada ya jingine, bila sababu.

Ndani, Eseza alikuwa akipakua chakula. Vasta alisimama palepale kizingitini, hakuingia, hakuondoka, mikono mitupu sasa.

“Nilikuona,” Eseza akasema mwishowe.

“Uliniona?”

“Siku unaziba. Nilikuwa bafuni, nimeinama najimwagia. Nikakuona chini na matambara yako, nikacheka. Nikasema moyoni, mwache azibe, ndiyo ajue maji ya Eseza yana nguvu. Nikaongeza maji.” Akavuta pumzi ndani kama aliyeungua. “Sikumwambia mume wangu. Sikumwambia mtu. Na mtoto alikuwa anakaa pale kila siku.”

Kikasikika kijiko kikikwangua sufuria, kikasimama, kikakwangua tena.

“Sijakusamehe, Vasta. Usije ukasema kwa Kulusum kwamba nimekusamehe. Nikiuona ule mguu natamani kukuuma kwa meno.”

“Najua, mwenzangu.”

“Lakini bundu ya muhogo imeiva, mboga ya sombe iko mezani, na mimi siwezi kumeza nikikutazama umesimama mlangoni kama mdai. Ingia ukae. Na huyo mwingine huko nje na jembe lake, mwambie aliweke chini anawe mikono, chakula kinapoa.”